JINA KAPUNI: Mafundi wa Karagwe na Kyerwa waliomkomesha mchwa kabla vanishi haijafika

Leo habari za nani kaachana na nani tunaziweka pembeni kidogo. Nataka tuongelee kitanda chako. Ndiyo, kile cha sita kwa sita ulichodunduliza hela miezi kadhaa, fundi akakipiga vanishi mpaka ukawa unajiona sura. Halafu mwaka haujaisha, asubuhi unakuta unga mweupe sakafuni. Unafagia. Kesho yake umerudi.

Ukitoka Kayanga ukapita Omurushaka, ukaenda hivyo hivyo mpaka Nkwenda na Murongo kule mpakani, kila penye watu kuna kijana na randa yake, na vitanda vimepangwa nje vinang'aa. Lawama zote huwa zinamwangukia huyo kijana. Eti mafundi wa siku hizi matapeli. Mimi nimechimba hii stori na nadhani tunamuonea. Tatizo lake ni la zamani kuliko yeye, na limeanza siku moshi ulipotoka ndani ya nyumba zetu.

Twende taratibu.

Zamani, kabla ya mabati, Wanyambo na Wahaya walikuwa wanaishi kwenye msonge, wenyewe wanaita omushonge. Nyumba ya mviringo, nyasi kutoka kileleni mpaka karibu na ardhi, ndani fito na nguzo, na katikati moto. Moto haukuwa wa kupikia tu. Moshi haukuwa na bomba la kutokea, kwa hiyo ulipanda juu, ukazunguka kwenye fito, ukapenya nyasi, ndo ukatoka. Kila siku, asubuhi na jioni, miaka nenda rudi. Fito zikawa nyeusi tii, zinang'aa kama zimepakwa kitu. Na kweli zilikuwa zimepakwa! Moshi wa kuni umebeba lami lami na kemikali ambazo kuvu na wadudu hawazipendi, na joto lake linaufanya mti ubaki mkavu. Hiyo ndiyo ilikuwa dawa ya mbao. Ilipakwa bure na kila mama aliyewasha jiko, na hakuna aliyeita hiyo kazi ya ufundi.

Nguzo zenyewe hazikukatwa hovyo. Mti wa kusimamisha ardhini ulikuwa omushambya, ule wenye maua ya njano unaouona mpaka leo kwenye mipaka ya migomba. Una sifa ya kuvumilia mchwa bila kupakwa chochote. Mtu aliyegundua hilo kwa mara ya kwanza alifukia miti ya aina nyingi, akasubiri miaka, akafukua. Au hakufukua, nyumba ilimwangukia. Vyovyote vile, jina lake liko kapuni.

Sasa sikiliza huu umbea wa kisayansi. Omushambya kwenye vitabu vya mimea unaitwa Markhamia lutea. Hiyo Markhamia ni heshima kwa Clements Markham, Mwingereza aliyesifika kwa kusafirisha miche ya mkwinini kutoka Amerika ya Kusini kwenda India. Mti mwingine wa kwetu, mhumula, unaitwa Maesopsis eminii. Hiyo eminii ni Emin Pasha, yule aliyeanzisha kituo cha Wajerumani Bukoba mwaka 1890. Yaani mti uko kwa bibi yako, bibi anajua upi unaliwa na upi hauliwi, halafu jina kachukua mzungu. Kituko ni kwamba huo mhumula wa Emin ni mti mzuri, unakua haraka na mbao yake ni nyepesi kuranda, ila ukiuweka ardhini bila dawa mchwa wanafanya sherehe. Kule Amani, Tanga, ulipandwa enzi za wakoloni, na baadaye ukaanza kuvamia msitu wa asili.

Kabla ya Emin alipita John Hanning Speke. Alifika Karagwe mwezi Novemba 1861 na mwenzake James Grant, wakapokelewa na mfalme Rumanyika. Grant mguu ulimuuma akabaki miezi kadhaa. Speke alikuwa mtu wa kuandika kila kitu, kama wale wanaopiga picha chakula kabla ya kula. Kwenye kitabu chake kilichotoka 1863 amesimulia alivyompima kwa kipimo mmoja wa mashemeji wa mfalme, mkono, kifua, paja, kwa sababu alishangaa unene wake. Wanawake wa ikulu walikuwa wananyweshwa maziwa muda wote, kwa sababu unene ndio ulikuwa urembo. Vipimo vya huyo dada tunavyo, jina lake hatuna.

Ninachojiuliza mimi ni kuhusu vyombo vya hayo maziwa. Wafugaji wa ukanda huu, wa huku na wa majirani zetu Ankole, wanachonga vyombo vya maziwa vya mti, ebyanzi. Fikiria mbao inayokaa na maziwa kila siku. Bila ujanja inaoza. Ujanja wao ni ule ule, moshi. Chombo kinaoshwa, kinakaushwa, halafu kinafukizwa kwa nyasi maalumu zenye harufu nzuri. Moshi unaua vijidudu, unaacha ngozi nyembamba ndani ya mti, na maziwa yanapata ladha ambayo ukiizoea ya pakiti unaona kama maji. Wanawake wafugaji walikuwa wanafanya hivyo kwa kipimo chao wenyewe, moshi usiwe mwingi chombo kikawa kichungu, usiwe kidogo kikachacha. Huo ni ufundi wa kulinda mbao wa kiwango cha juu kabisa. Na jina? Kapuni.

Basi wakaja wamisheni na serikali za kikoloni, na pamoja nao msumeno wa kupasua mbao. Mapadri wa White Fathers waliingia Buhaya mwaka 1892, Kashozi, na kati yao walikuwepo mabruda mafundi. Nyumba ya pembe nne inataka mbao bapa, mlango, dirisha, benchi. Vijana wetu wakajifunza kupasua kwa shimo. Gogo linawekwa juu, mmoja anasimama juu yake, mwingine anashuka shimoni, msumeno mrefu unapanda na kushuka. Wa shimoni ndiye anayekula unga siku nzima. Msitu wa Minziro, kule karibu na Uganda, ulitoa podo, mbao nyeupe, laini, isiyo na mafundo mengi.

Podo nawaomba muikumbuke, kwa sababu ndiyo ndugu wa mbali wa mti ambao wazungu waliuzoea kwao, yaani sprusi. Hii sprusi huku kwetu haioti, ila umeshaigusa. Paleti nyingi zinazoshuka na makontena kutoka Ulaya ni sprusi au paini. Uso wa juu wa gitaa nyingi za mbao ni sprusi. Ni nyeupe, nyepesi, imenyooka, na haina kinga yoyote ya asili dhidi ya wadudu wala kuoza. Kwa hiyo watu wa kaskazini ya dunia wamehangaika nayo miaka mingi sana. Norway yapo makanisa ya mbao ya paini, lile la Borgund ni la mwishoni mwa miaka ya 1100, na limesimama mpaka leo kwa sababu kila baada ya muda wanalipaka lami ya miti. Sweden wakulima walichukua udongo mwekundu uliobaki kwenye mgodi wa shaba wa Falun, wakauchemsha na unga wa nafaka na maji, baadaye mafuta ya kitani, wakapaka nyumba zao. Mgodi ulifungwa 1992 lakini rangi inatengenezwa hadi sasa. Na yule mkulima wa kwanza aliyechemsha uji mwekundu akaupaka ukutani? Na huko pia jina kapuni, kumbe siyo sisi tu.

Ila angalia walikuwa wanapigana na nani. Adui wao ni maji, barafu na kuvu. Mchwa wa kujenga kichuguu kama nyumba hawana. Kwa hiyo vitabu vyao, na sasa video zao kwenye simu yako, zinakwambia piga msasa, paka mafuta ya kitani, piga vanishi mikono mitatu, kazi imeisha. Kwao kweli imeisha. Wewe uko Nyaishozi. Vanishi inazuia maji na mikono michafu. Mchwa yeye anatoka chini, anajenga njia yake ya udongo, anaingilia kwenye mguu wa kitanda au sehemu ya nyuma ya kabati ambayo fundi hakupaka kwa sababu inaangalia ukuta. Anakula ndani anaacha ganda la vanishi linang'aa kama kawaida. Sisi kumbikumbi tunawakaanga na kuwala, ndugu zao wanakula makabati yetu. Kisasi.

Na ule unga mweupe wa sakafuni siyo mchwa kabisa. Ni bungua, mdudu anayekula mbao kavu. Mara nyingi aliingia kwenye mbao kabla haijawa kitanda, akiwa yai. Vanishi ya juu haimfanyi kitu, yuko ndani anakula kwa raha zake, na siku ya kutoka anatoboa tu.

Tumfuate sasa huyu moshi alivyoondoka. Karne ya 20 ilipokuwa inasonga, nyumba za mabati zikawa ndiyo alama ya maendeleo, jiko likahamishiwa kibanda cha nje. Kiafya ni jambo jema, mapafu ya mama zetu yalipumua. Lakini kenchi za juu zikapoteza dawa yao ya kila siku, na hakuna aliyeileta nyingine kuziba pengo. Hakuna hata aliyeona kama kuna pengo.

Halafu ukaja mwaka 1994. Wakati wa mauaji ya kimbari Rwanda, robo milioni ya watu walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara ndani ya kama siku moja tu, mwishoni mwa Aprili. Wengine walivuka Mto Kagera wakaingia Karagwe, ambayo enzi hizo ilikuwa moja na Kyerwa (Kyerwa imekuwa wilaya yake mwaka 2012). Makambi yakakaa mpaka mwishoni mwa 1996. Watu wengi vile wanahitaji kuni na nguzo za kusimamisha turubai, hamna wa kulaumiwa hapo, ila miti iliisha. Baada ya hapo kampeni za kupanda zikaja kwa nguvu. Vi Agroforestry, shirika la Wasweden, wamefanya kazi na wakulima wa huku kwenye mradi unaoitwa Emiti Nibwo Bulora, ule ambao mkulima anapanda miti na kulipwa kwa hewa ukaa inayotunzwa. Mashamba binafsi yakajaa paini, mkaratusi, mgrivea na mhumula.

Hapo ndo kimbembe. Miti ya haraka ni miti laini. Paini mtu anavuna ikiwa bado changa, shina karibu lote ni nyama ya nje, kiini kidogo sana. Mbao inapasuliwa Jumatatu, Alhamisi ni kitanda, Jumamosi iko kwenye picha ya send-off. Kwa hiyo tukajikuta na mbao dhaifu kuliko omushambya, bila moshi wa msonge, na mafunzo ya vanishi yaliyotungwa kwa ajili ya nchi zisizo na mchwa. Huyo kijana wa Omurushaka amerithi vitu vitatu vibovu kwa mpigo halafu tunamwita tapeli.

Mtaani wakajaza pengo kwa oili chafu. Ile ya gari iliyokwisha kutumika, unapaka nguzo ya uzio na kenchi, inakuwa nyeusi kama za babu. Kwa macho inafanana na moshi, nadhani ndiyo maana tuliipenda. Lakini haipenyi, inakaa juu juu, mbao ikipasuka kidogo kwa jua mchwa wanapita kwenye ufa. Halafu ina mabaki ya vyuma vizito, inashika ngozi ya fundi na inateremka kwenye udongo wa migomba. Wengine walitumia dawa kali za mchwa za kizamani, aldrini, dieldrini na wenzake. Hizo dunia ilikubaliana kuziondoa kwenye mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, kwa sababu zinakaa kwenye mwili na kwenye ardhi miaka na miaka. Ukiona mtu ana chupa ya zamani haina lebo anakwambia hii ndo kiboko, kimbia.

Njia ya kupenyeza dawa ndani kabisa ipo tangu 1838, Mwingereza John Bethell alipopata hataza ya kuweka mbao ndani ya tangi la chuma, kunyonya hewa, halafu kusukumia kreosoti kwa shinikizo. Mwaka 1933, India, mtaalamu Sonti Kamesam akabuni mchanganyiko wa shaba, kromiamu na aseniki. Shaba inazuia kuvu, aseniki inaua wadudu, kromiamu inavifunga visitoke. Ndiyo maana nguzo nyingi za umeme zina ukijani kijani, na mchwa wanazipita kama hawazioni. Ukiangalia umeme ulivyosambaa vijijini Karagwe na Kyerwa miaka ya karibuni, sasa hivi hata Murongo kuna mtambo wa kufua umeme wa maji wa megawati 14 tunaoshirikiana na Uganda, utaelewa hizo nguzo ni nyingi kiasi gani.

Na hapa naomba usiteleze na kidole upite. Vipande vinavyobaki nguzo zikikatwa watu wanavibeba. Kufanya nguzo ya uzio, sawa. Lakini nimeona vikiwekwa jikoni kama kuni. Aseniki haiungui ikaisha, inapanda na moshi na nyingine inabaki kwenye majivu. Majivu yale yale tunayosugulia sufuria na kumwaga kwenye mchicha. Marekani waliacha kutumia mbao hizo kwenye ujenzi wa makazi tangu mwisho wa 2003, siyo kwamba hazifanyi kazi, ni kwa sababu zinafanya kazi kwa sumu. Mbao ya kijani usichome, usikatie nyama juu yake, usitengenezee kitanda cha mtoto. Mkumbushe na bibi, yeye kazoea kwamba moshi wa mbao ni dawa.

Na nyie wa sofa za paleti, angalia muhuri pembeni. HT maana yake mbao ilipashwa joto, nyuzi 56 mpaka kiini, dakika 30. Hiyo haina kemikali, ila pia haina kinga, joto limeua waliokuwemo tu, wapya wanakaribishwa. MB maana yake ilifukizwa kwa gesi ya methili bromaidi. Hiyo achana nayo.

Kuna fundi mmoja maeneo ya Omurushaka, jina kapuni kwa ombi lake maana hataki wenzake wamcheke, anafanya kitu ambacho nimekipenda. Paini ikitoka kupasuliwa, bado mbichi, anailoweka kwenye pipa lenye maji na chumvi za boroni, halafu anaifunika turubai siku kadhaa. Boroni inapenda maji, kwa hiyo inatembea yenyewe kuingia ndani ya mbao mbichi, bila tangi la chuma. Kwa bungua na mchwa ni dawa kweli, na kwa binadamu ni nafuu sana kuliko aseniki, ingawa siyo ya kulamba. Ubaya wake mvua inaiosha, kwa hiyo ni ya kitanda, kabati na kenchi zilizofunikwa, siyo ya uzio. Baada ya hapo anazipanga mbao kivulini, kati ya moja na nyingine anaweka papi ili hewa ipite, mpaka unyevu ushuke chini ya asilimia 20, maana chini ya hapo kuvu haoti. Ndo anaranda, anapiga msasa, anapaka sila na vanishi pande zote, na ya nyuma, na chini ya miguu. Hasa chini ya miguu na kwenye vichwa vya mbao, kwa sababu mti unanyonya kwa kichwa kama unavyonyonya juisi kwa mrija.

Wateja wanamkimbia. Wanaona wiki sita ni nyingi na jirani anatoa kwa siku tatu. Kitanda chake kinasimama pembeni ya cha jirani, vyote vinang'aa sawasawa, cha jirani bei ndogo. Ungekuwa wewe ungechukua kipi?

Mimi nimemuuliza hiyo akili ya pipa kaitoa wapi. Anasema babu yake alikuwa anazamisha miti ya kujengea kwenye kijito wiki kadhaa kabla ya kuitumia, na yeye alipokuja kusikia habari za boroni kwenye semina ya miti akaunganisha. Babu hakujua kusoma. Alijua tu kwamba mti uliokaa majini bungua hawautaki, na wataalamu wanasema sababu ni kwamba maji yanatoa ule wanga ambao mdudu anaufuata.

Haya, zamu yenu. Babu au bibi yako wa Kaisho, Bugene, Nyakahanga, popote ulipo, walikuwa wanafanyia nini miti kabla ya kujenga? Majivu? Mkojo wa ng'ombe? Walichoma mwisho wa nguzo? Dondosha hapo chini. Na safari hii mkiandika, wekeni majina yao, kama wenyewe au familia wameridhia.